Perkins ya boti imechoka: nifungue hedi (kichwa cha injini) tu, nifanye ovahoo nzima, au nitafute injini nyingine?

Mwambao wa Matema
Wakuu, poleni na mihangaiko. Nina boti ya mbao inayopiga kazi kati ya Matema, Ikombe na Lupingu. Inabeba abiria, magunia, na vyungu vya Wakisi vinavyokwenda kwenye soko la Jumamosi pale Lyulilo. Injini ni Perkins 4.236, silinda nne. Niliikuta humo nilipoinunua boti, na aliyeniuzia naye aliikuta. Mita ya masaa ilishakufa, kwa hiyo umri wake anaujua Mungu.

Hali yake ni hii. Asubuhi inasumbua kuwaka. Ikikubali inatoa moshi mweupe na kutetemeka, halafu ikipata moto inatulia. Tukipakia na kufungua mafuta, moshi unageuka mweusi tii na mwendo hauongezeki. Joto linapanda tukiwa na mzigo, hasa tangu mvua zianze. Oili inapungua, siyo kwa kutisha, ila kidumu cha kuongezea hakikosekani botini.

Fundi wa kwanza aliangalia moshi tu akasema imekwisha: slivu mpya (mirija ya chuma ambamo pistoni zinacheza), pistoni mpya, krenki (shafti kuu ya injini) ikasagwe. Fundi wa pili akasema niiuze chuma chakavu ninunue injini ya mtumba ya lori, yeye ataifunga. Kaka yangu, ambaye boti ni yetu wote, anataka injini mpya kwa mkopo. Mimi nataka boti iwe imekaa sawa kabla ya kipupwe, kwa sababu zile pepo za kusini-mashariki mnazijua. Naombeni muongozo kwa aliyewahi kushika hizi mashine.

Bei Gani
Mkuu acha ubahili, nunua mpya. Abiria wanalipa nauli, hawalipi maombi.

Kijana wa Forest
Nimeweka kambi hapa. Nina yangu ya kusagia mahindi yenye tabia hizo hizo.

Dizeli Uyole
Mwambao, kabla hujatoa hata shilingi, mwambie fundi wako wa kwanza akuoneshe namba. Moshi siyo kipimo. Moshi ni malalamiko, na injini ya dizeli inaweza kulalamika sana wakati moyo wake bado mzima.

Tuyatenganishe uliyoyaandika, maana umeyachanganya magonjwa kama matatu ukayapa jina moja la uzee.

Kuwaka kwa shida na moshi mweupe asubuhi: huo ni mafuta yasiyoungua. Dizeli haina plagi ya cheche, inaungua kwa sababu hewa imebanwa mpaka ikawa ya moto sana. Mbano ukipungua, asubuhi injini ikiwa baridi hewa haifiki joto linalotakiwa. Lakini matokeo hayo hayo utayapata nozeli (kinyunyizio cha mafuta) ikidondosha badala ya kupuliza, au sterta ikizunguka kivivu kwa sababu ya betri na nyaya zilizoota kutu. Wewe mwenyewe unaona hapo kuna sababu ya bei ya betri na sababu ya bei ya injini.

Moshi mweusi ukiwa na mzigo: mafuta ni mengi kuliko hewa, au kazi ni nzito kuliko uwezo. Kwenye gari ningekuuliza habari ya pampu. Kwenye boti nakuuliza kwanza habari ya pangaboi. Je, injini ikiwa nyutro inafika mizunguko mingapi, na ukiwa umepakia mafuta yote wazi inafika mingapi?

Joto: ina uhusiano mdogo sana na pistoni. Umesema "tangu mvua zianze", umejijibu bila kujua. Mto Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe yote inamwaga tope huko kwenu wakati huu. Maji ya ziwa unayofyonza kupoza yanaingia na mchanga. Fungua chujio la maji, fungua pampu ya maji uangalie ile feni yake ya mpira, kisha fungua vifuniko vya kipoza uangalie mirija. Faida yenu watu wa Nyasa ni kwamba maji hayana chumvi. Chumvi haijala bloku kwa ndani kama injini za Pwani, kwa hiyo injini yenu ya miaka mingi siyo sawa na ya Bagamoyo ya umri huo huo.

Oili kupungua: pima. Andika umeongeza lita ngapi kwa masaa mangapi ya kazi. "Kidumu hakikosekani" hakinisaidii. Na uhakikishe haivuji, maana sili ya nyuma ya krenki kwenye hizi Perkins za zamani ina sifa yake. Oili iliyoko chini ya boti haijapita kwenye ringi za pistoni.

Baada ya hapo ndiyo upime mbano. Injini iwe imepata moto. Toa nozeli zote nne, vuta wenzo wa kuzimia ili mafuta yasije, betri iwe imejaa, kisha pima silinda moja moja na uandike. Niletee namba nne. Usipime moja ukaacha.

Mpunga Mbarali
Naongezea la spea kabla mkuu hajakimbilia mtumba. Hiyo 4.236 ndiyo mashine iliyomo kwenye trekta la Massey Ferguson 265. Huku Usangu trekta ndiyo maisha yetu, kwa hiyo gaskiti, valvu, ringi, beringi, pampu ya oili, vyote utavipata Mbeya kwa wauza spea za trekta. Ukienda ukasema "spea za boti" utaambiwa hakuna au utapigwa bei ya wazungu. Sema spea za trekta.

Ila macho yawe wazi. Muuzaji akikuambia pistoni za trekta la 290 ni zilezile, kataa. 290 ina injini ya 4.248. Urefu wa mwendo wa pistoni ni uleule milimita 127, lakini kipenyo cha silinda ni kama milimita 101, yako ni 98.4. Zinafanana kwa macho mpaka unyanyue kaliba.

Dizeli Uyole
Sahihi kabisa. Na vya boti peke yake ambavyo hutavipata kwa trekta ni manifoldi ya kutolea moshi inayopozwa kwa maji, kipoza, sampu na pampu ya maji ya ziwa. Hivyo vitunze kama mboni ya jicho. Pampu ya mafuta ya trekta nayo inafanana na yako lakini imefungwa kwa mzunguko mdogo zaidi, usiibadilishe hivi hivi.

Bei Gani
Sasa si bora tu hiyo injini ya lori? Ina nguvu mara mbili.

Dizeli Uyole
Nguvu ya lori ipo kwenye lori. Ukiiweka botini unahitaji manifoldi ya maji. La sivyo una bomba lenye moto mkali ndani ya sanduku la mbao lenye dizeli na abiria. Unahitaji gia boksi ya boti na sahani ya kuiunganisha na injini hiyo. Unahitaji sampu inayokubali injini ikae kwa mshazari kufuata shafti, maana oili ikikimbilia nyuma pampu inafyonza hewa na beringi zinakwenda. Unahitaji vitako vipya. Bei ya injini ya mtumba ni mwanzo tu wa matumizi, na hujui mbano wake pia. Unabadilisha injini mbovu unayoijua kwa injini usiyoijua.

Nahodha Mstaafu
Wanangu, shikamooni mliozeeka, wengine marahaba. Mimi si fundi, lakini kazi yangu ilikuwa maji hayo hayo.

Kutoka Matema kwenda Lupingu unatembea chini ya milima ya Livingstone. Sehemu kubwa hakuna pwani ya kukimbilia, ni mwamba umeingia majini. Na kina kinashuka ghafla, kwa hiyo ukizimikiwa karibu na jabali usitegemee nanga, kamba itaisha haijagusa chini. Ndiyo maana kwangu mimi swali la injini siyo bei peke yake. Mwenye boti ya kuvulia dagaa karibu na ufukwe anaweza kuvumilia injini ya kubahatisha, akizimikiwa anapiga kasia. Anayebeba akina mama na watoto chini ya lile jabali hawezi.

Kwa hiyo mwanangu Mwambao, uamuzi wowote utakaofanya, weka injini ndogo ya pembeni ya dharura, hata kama ni ya nguvu ndogo. Maboya yawe ya idadi ya watu, siyo idadi ya viti. Na ukibadilisha injini, mshirikishe mkaguzi wa vyombo vya majini wa TASAC mapema, siyo siku ya ukaguzi.

Mwambao wa Matema
Shikamoo mzee, nimekusikia. Injini ya pembeni nitaazima kwa shemeji mpaka nipate yangu.

Wakuu nimerudi na namba. Tumepimia hapa hapa Matema, injini ikiwa na moto, nozeli zote nje:
silinda ya kwanza 345
ya pili 335
ya tatu 240
ya nne 340
Zote ni psi, kipimo cha presha. Sterta inazunguka vizuri baada ya kusafisha nyaya, na hilo peke yake limepunguza shida ya asubuhi. Mizunguko: nyutro inafika 2,600 bila shida. Ikiwa na mzigo, mafuta yote wazi, inaishia 1,850, moshi mweusi. Chujio la maji lilikuwa na mchanga, feni ya mpira ya pampu imekatika mabawa mawili. Vipande vya yale mabawa tumevikuta vimekwama mdomoni kwa kipoza.

Presha ya oili ikiwa na moto, kwenye mwendo wa safari, inasoma psi 42.

Dizeli Uyole
Sasa tunaongea.

Tatu kati ya nne zimekaa pamoja. Injini iliyokwisha kwa uzee huwa inaisha kote, namba zinashuka zote kwa pamoja na oili inapanda moshi wa bluu. Wewe una silinda moja iliyoachwa nyuma na wenzake. Presha ya oili 42 ni nzuri. Hizi mashine zikiwa na moto kwenye mwendo wa kazi hazitakiwi kushuka chini ya 30, kwa hiyo beringi za krenki bado zina heshima. Anayekuambia ukasage krenki kwa presha hiyo anataka kazi. Tena krenki nyingine za Perkins zimetiwa ugumu usoni, ukizisaga bila kuzirudishia ugumu umenunua tatizo jipya.

Joto umeshalipata. Hakikisha umehesabu vipande vyote vya yale mabawa mpaka mpira utimie, kisichoonekana kipo kwenye bomba.

Moshi mweusi ni pangaboi. Injini inayofika 2,600 bila kazi na kukwama 1,850 ikiwa na kazi imebebeshwa pangaboi kubwa mno au lenye mabawa ya mlalo mkali mno. Kwenye boti injini inatakiwa ifike mzunguko wake wa juu ikiwa na mzigo. Isipofika, kila safari inakula mafuta isiyoweza kuyachoma, masizi yanajaa, valvu za kutolea moshi zinaungua. Uliza hilo pangaboi lilitoka wapi.

Imebaki silinda ya tatu. Kumwagia kijiko cha oili na kupima tena ni njia ya zamani, lakini kwenye 4.236 pistoni ina bakuli kichwani, oili inatuama mle haifiki kwenye ringi vizuri, na ukizidisha unaweza kupinda konrodi. Tumia hewa. Weka pistoni ya tatu juu kabisa kwenye mbano, valvu zote mbili zikiwa zimefunga, gia iwe nyutro na mtu ashike krenki isizunguke. Ingiza hewa ya kompresa kwenye tundu la nozeli. Kisha sikiliza. Ikipuliza kwenye bomba la moshi ni valvu ya kutolea. Kwenye chujio la hewa ni valvu ya kuingizia. Kwenye mdomo wa kujazia oili ni ringi na slivu. Mapovu kwenye tanki la maji ya kupozea ni gaskiti ya hedi au hedi yenyewe imepasuka.

Kijana wa Forest
Mkuu samahani kuingilia uzi wa mtu. Yangu ya kusagia nimeipima hapa mjini, zote ziko kati ya 290 na 300. Fundi kanionesha kitabu, kimeandika 350, kasema ovahoo. Ni kweli?

Dizeli Uyole
Kitabu kiliandikwa na watu wa usawa wa bahari. Mbeya mjini tupo kama mita 1,700 juu. Hewa ya hapa ni nyepesi, na injini inabana ile inayoipata. Ziwa Nyasa liko kama mita 475. Injini ile ile ikisoma 350 Matema, ukiipandisha Mbeya bila kuigusa itasoma karibu 300. Yako namba zimekaa pamoja na kitabu kinasema 350 usawa wa bahari, basi kwa hapa mjini haina kosa. Inawaka vizuri asubuhi?

Kijana wa Forest
Inawaka. Inatoa moshi mweusi tukikoboa mfululizo.

Dizeli Uyole
Chujio la hewa. Pumba. Safisha kisha uje useme.

Mwambao wa Matema
Kompresa tumeipata kwa fundi wa matairi. Silinda ya tatu inapuliza wazi kwenye bomba la moshi, unaweka kiganja unahisi. Kwenye mdomo wa oili inapumua kidogo, sawasawa na silinda nyingine tulizojaribu. Mapovu hakuna.

Pangaboi: mwenye boti wa zamani alilitoa kwenye boti nyingine kubwa. Kaka yangu alikuwa analisifia kwamba "linakamata maji".

Fundi wa kwanza kapiga simu, anasema ukishafungua hedi malizia na chini, usifanye kazi mara mbili.

Mpunga Mbarali
Huo msemo wa "malizia na chini" umemaliza mitaji ya watu wengi.

Dizeli Uyole
Kwenye trekta lililolala karakana nisingembishia sana. Kwenye boti hesabu ni tofauti. Hedi ya 4.236 inatoka injini ikiwa humo humo botini, watu wawili wanaibeba. Slivu za hii mashine ni zile kavu, zimeshindiliwa ndani ya bloku. Kuzitoa na kuweka mpya vizuri unahitaji bloku iende kwenye mashine ya kuchonga. Maana yake injini yote itoke botini, ipakiwe, ipande mlima wa Tukuyu mpaka Mbeya, isubiri foleni, irudi, ipangwe upya na shafti. Hiyo ndiyo gharama ambayo fundi haisemi, kwa sababu hailipi yeye. Na wakati wote huo boti haina kazi.

Fanya hivi. Fungua hedi, kisha uamue ukiwa unaona. Pitisha ukucha juu kabisa ya slivu, pale ringi ya kwanza inapoishia. Kukiwa na ngazi inayokamata ukucha, slivu imelika. Angalia kama ile michoro ya kupishana ya kiwandani bado inaonekana kwenye kuta au zimekuwa kioo. Angalia mikwaruzo ya wima. Kisha mtafute mwenye geji ya kipenyo apime juu, katikati na chini, kwa mbele na kwa pembeni. Ikiwa ndani ya kitabu, funga. Ikiwa nje, hapo ndiyo uanze kuongea habari ya kuitoa, na mimi sitakubishia tena.

Hedi ipeleke Mbeya ikapimwe unyoofu na ufa, hasa katikati ya viti vya valvu. Nozeli zote nne zipeleke kwa fundi wa pampu zipimwe kwenye benchi, usiseme "ya tatu tu". Ukirudisha, nafasi ya valvu ni milimita 0.30 injini ikiwa baridi. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, usimuulize mtu mwingine.

Bei Gani
Haya, mimi nimekaa kimya najifunza.

Mwambao wa Matema
Ndaga fijo (asanteni sana) wakuu. Mrejesho.

Valvu ya kutolea ya tatu imeungua ukingoni, kipande kama punje ya mchele hakipo, na kiti chake kimechimbika. Nozeli ya tatu kwenye benchi ilikuwa inakojoa badala ya kupuliza, ya kwanza nayo haikuwa nzuri. Slivu: ngazi ipo ya kuhisi kwa mbali, michoro inaonekana zaidi ya nusu, hakuna mikwaruzo. Aliyepima amesema zimelika lakini ziko ndani ya kitabu. Hedi haina ufa, imesawazishwa kidogo sana. Valvu, viti, gaidi (mirija ya kuongozea valvu) na gaskiti nimenunua kwa muuza spea za trekta, nikamtajia 265 kama mlivyosema. Gharama yote pamoja na usafiri ni ndogo kuliko ile aliyoitaja fundi kwa pistoni na slivu peke yake, kabla ya kusaga krenki.

Kaka yangu sasa ndiye anayemuelezea kila mtu bandarini habari ya 4.248.

Asubuhi inawaka mara moja, moshi mweupe kidogo kisha unaisha. Namba mpya: 345, 340, 330, 345. Joto halipandi. Oili nimeanza kuandika kwenye daftari. Pangaboi bado ni lile lile, na moshi mweusi upo, umepungua tu.

Dizeli Uyole
Silinda ya tatu itaongezeka kidogo valvu ikishakaa. Usiiendeshe kivivu muda mrefu bila mzigo, kuta za slivu zitakuwa kioo na oili itaanza kupanda. Kaza hedi tena na upime nafasi za valvu baada ya masaa machache ya kazi, kwa mpangilio wa kitabu.

Pangaboi lipunguzwe mlalo au libadilishwe. Lisipofanyiwa, valvu hiyo hiyo utaiona tena.

Nahodha Mstaafu
Na injini ya pembeni?

Mwambao wa Matema
Ipo mzee, ya shemeji bado, nimeifungia kitako nyuma. Tumeijaribu na boti ikiwa imepakia, inatusogeza polepole lakini inatusogeza. Pangaboi kuna jamaa Itungi ana moja dogo zaidi, kesho naenda na futi kupima tundu la shafti kama litaingia kwenye yangu.

Dizeli Uyole
Pima na mteremko wa tundu, yaani linavyopungua kuelekea upande mmoja, siyo kipenyo peke yake.